Siku Moja ya Ua, Siku Hamsini za Kitumba

Mwezi wa Februari, mashamba ya Dutwa na Nkololo yanapochanua, mtu asiyelijua zao la pamba hudhani aliyepanda alichanganya mbegu. Kwenye mpamba mmoja kuna ua la rangi ya maziwa lililokunjuka vizuri. Chini yake kidogo, kwenye mche uleule, kuna jingine jekundu lililojisokota na kunywea. Hakuna mchanganyiko wowote. Jeupe ni la leo, jekundu ni la jana, na ukipita jioni utalikuta lile jeupe la asubuhi limeshaanza kuona haya na kugeuka waridi. Kesho kutwa petali zake zitakuwa zimenyauka na kuanguka, au zitaning'inia kwenye ncha ya tunda changa zikingoja upepo wa kuzimalizia. Mkulima wa Bariadi hafundishwi jambo hili. Akipita kati ya mistari huyatazama meupe, maana hayo ndiyo yenye kazi leo. Mekundu yameshamaliza ya kwao.

Simiyu ulipofanywa mkoa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Shinyanga na kipande cha Mwanza, ulizaliwa tayari ukiwa na pamba mgongoni. Ndio unaoongoza nchini kwa zao hilo, na kuanzia Bariadi hadi Itilima, Maswa, Meatu na Busega ni nadra kukuta kaya isiyokumbuka bei ya msimu uliopita. Tunaizungumza pamba kwa lugha ya mizani: kilo ngapi, daraja gani, deni la pembejeo, chama cha ushirika cha msingi (AMCOS) kimelipa au bado. Ni mazungumzo ya haki, maana humo ndimo zimo ada za shule na mabati ya nyumba. Ila yanaanzia mwisho wa hadithi. Unyuzi unaofungwa kwenye marobota na kusafirishwa ng'ambo haukuanza mwezi wa Mei kitumba kilipopasuka. Ulianza siku ileile ua lilipokuwa jeupe, na sehemu kubwa ya ubora wake ilikwisha amuliwa kabla jicho la mtu halijauona. Fundi wa kwanza wa pamba ni mmea wenyewe. Mkulima hodari ni yule anayejua fundi huyo anafanya nini akiwa amejifungia ndani, kisha akamwachia nafasi na kumkingia maadui mlangoni.

Chuma basi ua moja saa tatu asubuhi, umande unapoanza kukauka. Moja tu, kwa sababu kila ua ulichumalo ni kitumba kilichopotea, na mwenye shamba anakuona. Nje kabisa kuna majani madogo matatu, mapana, yenye meno marefu yaliyochongoka, yamelikumbatia ua pande zote. Hayo si petali wala sepali. Ni walinzi, na walikuwapo tangu tumba likiwa dogo kama punje ya mtama. Yafunue, na ndani utakuta kikombe cha kijani kifupi mno, ambacho wengi hukipita bila kukiona. Hizo ndizo sepali tano zilizoungana. Kisha petali tano, kila moja imelalia ukingo wa jirani yake kwa upande mmoja, upande uleule kwa zote tano, ndiyo maana ua la pamba halifunguki kwa kupasuka bali kwa kujizungusha taratibu.

Katikati unasimama mnara, na hapa ndipo ufundi unapoanza kuonekana. Maua mengi huziacha stameni zake zisimame mbalimbali, kila moja na shina lake. Mpamba umeziunganisha zikawa bomba moja jeupe, na shingo ya ovari imepitishwa ndani ya bomba hilo mpaka ikatokeza juu ikiwa na stigma kichwani. Ubavuni mwa bomba zimepangwa stameni karibu mia, kila moja na kifuko chake cha chavua. Pasua ua la bamia nyumbani, mpango ni huohuo. Pasua la rozela, vilevile. Ni ndugu wa damu hawa. Hata mbuyu umo katika ukoo huu, ingawa wenyewe huchanua usiku na kuwangoja popo. Sielewi kwa nini mwanafunzi wa sekondari mjini Bariadi achore ua la kitabuni, lisilo na jina, wakati nyuma ya uzio wa shule yake kuna maelfu ya maua yanayoonyesha kila sehemu atakayoulizwa kwenye mtihani.

Gusa stameni kwa kidole gumba. Chavua inabaki kwenye ngozi, punje kubwa kiasi kwamba mwenye macho makali huziona moja moja, zenye miiba na za kunata. Chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo kutoka shamba hadi shamba, lakini hii ya pamba ni nzito na upepo hauiwezi. Kwa hiyo ua limejiwekea njia mbili. Ya kwanza ni kujihudumia lenyewe: vifuko vya chavua viko karibu sana na stigma, vikipasuka asubuhi hiyo kazi inakuwa imekwisha. Ya pili ni nyuki, wanaoingia kufuata nekta na kutoka wamejipaka unga wa njano. Njia ya kwanza ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzazi, ya pili huleta damu mpya. Anayepulizia sumu asubuhi maua yakiwa wazi anawaua nyuki wake mwenyewe, na wataalamu wa ugani wamelisema jambo hili mara nyingi.

Sisimizi nao huonekana wakipanda na kushuka, na wapo wanaowapulizia dawa wakidhani ni waharibifu. Geuza jani. Kwenye mshipa wa kati, upande wa chini, kuna kitundu kidogo kinachotoa utamu. Mpamba una vitundu vya aina hii nje ya ua, kwenye majani na kwenye wale walinzi watatu, na hauvihitaji hata kidogo kwa uchavushaji. Unawalipa sisimizi. Wao wakizunguka kutafuta utamu hukutana na mayai na funza wachanga, na hawawaachi.

Turudi nyuma kidogo, maana mche haufiki kwenye ua kwa bahati. Mbegu ya pamba iliyopandwa mvua za Novemba au Desemba hutuma kwanza mzizi mkuu moja kwa moja chini, na wakati majani mawili ya mbegu yanapovutwa juu, shingo ikiwa imepinda, mzizi tayari umekwenda mbali kuliko urefu wa kinachoonekana. Ndiyo siri ya pamba kuvumilia kiangazi kifupi cha Januari kinachoyakausha mahindi ya jirani. Wasukuma wanaujua udongo wao kwa majina: luseni ya kichanga vilimani, ibushi yenye chokaa, mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi na kunata masika. Mzizi wa pamba huzungumza tofauti na kila mmoja. Kwenye luseni unashuka upesi, ila chakula kinaisha upesi pia; kwenye mbuga maji yapo, lakini mvua ikizidi mzizi hukosa hewa na majani yakawa ya njano.

Kisha mche huanza kujenga. Matawi ya chini husimama wima na kuwa mashina madogo, hayatoi ua moja kwa moja. Juu yake hutokea matawi ya aina nyingine, yaliyolala zaidi na kwenda upogoupogo: tawi likifika mahali linatoa jani na tumba, linajikatisha hapo, na safari inaendelezwa na chipukizi jipya lililotoka ubavuni, ambalo nalo litatoa jani na tumba na kujikatisha. Hivyo kila hatua ya upogo ni ua moja. Mche ukiwa na afya, ua la kwanza la tawi fulani na ua la kwanza la tawi linalofuata juu yake hupishana kwa siku tatu hivi. Kwenye tawi lilelile, ua moja na linalofuata kuelekea nje hupishana kwa siku sita hivi. Maua yanapanda mche kwa mzunguko, kutoka chini na ndani kwenda juu na nje, kwa ratiba ambayo mvua na jua huibadilisha kidogo tu.

Kwa ajili hiyo mkulima mwenye jicho anaweza kusimama mbele ya mpamba mwezi wa Aprili na kukusimulia msimu mzima. Hapa chini vitumba vitatu vimeshika, mvua ilikuwa nzuri. Hapa katikati makovu matupu, matumba yalianguka, ndiyo zile wiki mbili za jua kali. Hapa juu vimeshika tena. Mpamba haung'ang'anii mzigo usioweza kuulea. Huangusha zaidi ya nusu ya matumba na vitumba vichanga katika maisha yake hata mambo yakiwa mazuri, na ukame, mawingu mazito au funza huongeza idadi. Wapo wanaolia wakiona matumba chini. Ningekuwa wao ningelia pale tu yale yaliyoanguka yana tundu, maana tundu ni funza wa vitumba, na huyo hana hesabu ya nani anaweza kulea nini.

Kupanda kwa nafasi kunaingia hapa. Bodi ya Pamba imekuwa ikihimiza mistari ya sentimita 60 na mashimo ya sentimita 30, badala ya ile nafasi pana ya zamani ya 90 kwa 40. Wazee wengine waliona ni ubahili wa ardhi. Lakini mche uliobanwa kidogo hutoa matawi machache ya wima, yale yasiyozaa haraka, na huweka nguvu kwenye maua ya mwanzo yaliyo karibu na shina, ambayo huiva mapema kabla wadudu hawajajaa na mvua haijakatika. Anayepanda hivyo anaupa mmea sababu ya kuharakisha.

Sasa tuingie ndani ya kitumba, mahali ambapo hakuna mkulima aliyewahi kuingia na ambapo kazi yote inafanyika. Chavua ikishatua kwenye stigma huota mrija mwembamba unaoshuka ndani ya shingo ya ovari, ukipita katikati ya lile bomba jeupe, na ndani ya siku moja hivi unaifikia mbegu changa. Ovari ya pamba ina vyumba vitatu hadi vitano, na kila chumba kina mbegu changa nane hadi kumi hivi zikingoja. Kila moja inataka punje yake ya chavua. Isiyopata hudumaa, ikabaki kijipunje kikavu chenye nyuzi fupi mbovu, ambacho kiwandani huwa ni taka ya kusumbua. Kwa hiyo chumba cha kitumba chenye pamba iliyojaa barabara ni ushahidi kwamba asubuhi fulani ya Februari hapakuwa na mvua ya kuharibu chavua wala mtu wa kufukuza nyuki.

Siku hiyohiyo ya ua, kabla hata petali hazijageuka waridi, ngozi ya nje ya mbegu changa huanza kufanya jambo la ajabu. Takriban seli moja kati ya kila nne huinuka juu ya wenzake. Zinavimba, zinachongoka, kisha zinaanza kurefuka. Hazigawanyiki. Kila unyuzi wa pamba, ule unaoweza kuukamata kati ya vidole viwili ukauona mzima, ni seli moja. Mbegu moja hubeba zaidi ya 10,000 za namna hiyo. Kwa wiki tatu hivi seli hizo hurefuka tu, ukuta wake ukiwa mwembamba na ndani pamejaa maji yanayousukuma, mpaka zinafikia milimita 28 au zaidi kidogo, urefu unaozidi upana wake mara elfu na ushei. Maji yakikosekana katika wiki hizo, msukumo hupungua na unyuzi hubaki mfupi. Hakuna mbolea wala dawa ya Mei inayoweza kuurefusha tena.

Urefu ukishapatikana, seli hugeuza kazi. Huanza kujenga ukuta kutoka nje kuja ndani kwa selulosi karibu tupu, tabaka juu ya tabaka, usiku na mchana. W. Lawrence Balls, mtaalamu wa mimea Mwingereza aliyefanya kazi Misri mwanzoni mwa karne ya 20, ndiye aliyeonyesha kwamba ukiukata unyuzi na kuuvimbisha chini ya hadubini unaona pete, na kwamba pete moja ni siku moja. Joto la mchana na ubaridi wa usiku huacha alama tofauti. Bariadi, kwenye uwanda ulio zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, usiku wa Machi huwa na ubaridi wake; naamini ndani ya kila unyuzi wa huko kuna kalenda ya siku ishirini na kitu ambayo hakuna anayeifungua. Jua likiwa la kutosha na majani yakiwa mazima, ukuta unakuwa mnene, unyuzi unaitwa umekomaa, utapokea rangi sawasawa na kuvumilia mashine. Majani yakiliwa au mche ukinyauka mapema, unyuzi unakuwa mrefu lakini mtupu, unajikunja vifundo, na kitambaa chake hutoka na madoa yaliyokataa rangi.

Kitumba kinakaa hivyo siku hamsini hivi, kijani, kigumu, chenye vidoa vidogo vyeusi vilivyotapakaa. Vidoa hivyo navyo ni kinga. Ni tezi za gosipoli, sumu ambayo wadudu wengi hawaipendi, nayo imo pia kwenye mbegu. Kwa sababu hiyo mafuta ya pamba lazima yasafishwe, na mashudu yake tunawapa ng'ombe, ambao tumbo lao linaimudu, badala ya kuku.

Kisha, mvua zikipungua, ganda hukauka na kupasuka kwenye mistari ya vyumba vyake. Hewa inaingia. Seli, ambazo hadi dakika hiyo zilikuwa mirija ya mviringo iliyojaa maji, zinakauka na kubonyea kama mpira wa kumwagilia uliofungwa maji, na zinapobonyea zinajisokota, zikienda kulia kidogo, zikigeuka kushoto, tena kulia. Msokoto huo ndio unaowezesha pamba kusokotwa kuwa uzi. Unyuzi ulionyooka na laini ungeteleza juu ya mwenzake. Huu uliojipinda hushikana na jirani yake. Khanga, shuka, bandeji na utambi wa kibatari vinashikilia hapo. Nami katika kazi zote za mmea huu hiyo ndiyo ninayoistaajabia zaidi, kwamba hatua ya mwisho, ile inayolifanya zao liwe na bei, inafanywa na seli iliyokwisha kufa.

Wapo watu ambao kazi yao ni kuingilia kati ya stameni na stigma. Katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi mkoani Mwanza, pamba imekuwa ikichunguzwa tangu miaka ya 1930, na herufi UK kwenye mbegu tulizolima, UK77, UK91, UKM08, zinatoka kwenye jina la mahali hapo. Kuzalisha mbegu mpya ya pamba ni kazi ya vidole. Mchana wa leo unatafuta tumba litakalofunguka kesho, petali zake zikiwa zimechomoza bado zimejikunja. Unapitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka shina la ua, juu tu ya ovari, kwa kina cha kukata petali na lile bomba la stameni bila kuigusa ovari. Unavuta juu taratibu. Petali na stameni zote karibu mia zinatoka pamoja, na inabaki shingo nyembamba peke yake, imesimama uchi. Ukizidisha kina, kitumba kimekufa. Ukipunguza, unaacha stameni mbili tatu nyuma na ua litajichavusha likuharibie hesabu. Shingo hiyo unaivika kipande cha mrija wa kunywea soda kilichozibwa ncha, ili nyuki asikutangulie. Kesho asubuhi unachuma ua la mche uliouchagua kuwa baba, unavua mrija, unasugua chavua yake kwenye stigma, unarudisha mrija, unafunga kibandiko chenye tarehe na majina ya wazazi wawili. Maua unayotaka yajichavushe yenyewe tu, unayafunga ncha kwa uzi jana yake yasifunguke kabisa.

Hapo umepata mbegu thelathini au arobaini. Kutoka hapo hadi kwenye gunia la mkulima wa Ngulyati huweza kupita miaka kumi au zaidi ya kupanda, kuchagua, kutupa, kupanda tena. Moja ya ushindi mkubwa wa kazi hii katika Afrika ulikuwa ni nywele. Chawajani, mdudu mdogo wa kijani anayetaga mayai ndani ya mishipa ya jani, aliwahi kuyafanya mashamba kuwa mekundu na makavu. Miaka ya 1920 huko Barberton, Afrika Kusini, F. R. Parnell alichagua mipamba yenye vinyweleo virefu, vilivyosongamana chini ya jani, ambavyo mdudu huyo hawezi kuvipenya vizuri, na ukoo wa U4 aliouanzisha ukasambaza damu yake katika mbegu nyingi za bara hili. Wazalishaji wa Ukiriguru nao walifanya kazi wakiuangalia unyweleo huo. Pitisha kidole chini ya jani la UK91 utauhisi. Faida ina gharama: jani lenye nywele likikauka na kuvunjika hung'ang'ania kwenye pamba, na mchumaji ndiye anayelipa kwa muda wake.

Mpamba wenyewe nao umetokana na ndoa isiyotarajiwa. Pamba tunayolima, Gossypium hirsutum, ni ya Meksiko. Lakini ina kromosomu 52, seti mbili zilizounganishwa, moja ya mimea ya Amerika na nyingine ya jamii ambayo ndugu zake wako Afrika na Asia, na ziliunganishwa miaka milioni moja au mbili iliyopita, kabla hapajawa na mtu wa kuvuka bahari akiwa na gunia. Zilipoletwa mbegu zake Kanda ya Ziwa wakati wa wakoloni, nusu ya urithi wake ilikuwa inarudi upande wa nyumbani.

Kuchuma nako ni ufundi, na huu unaonekana. Mama aliyekulia kwenye pamba haingii shambani alfajiri. Anangoja umande uishe, kwa sababu pamba iliyochumwa mbichi hubadilika rangi ikiwa kwenye gunia. Anaanza na vitumba vilivyofunguka kabisa, vinne au vitano vyumba vyake vikiwa vimejitokeza na kuning'inia kidogo. Vidole vinaingia pamoja, kila kimoja kwenye chumba chake, vinakamata pamba chini karibu na ganda, na mkono unageuka kidogo wakati wa kuvuta. Vyumba vyote vinatoka mara moja, ganda linabaki kwenye mche likiwa tupu. Anayevuta kutoka juu huacha pamba nusu, au huling'oa ganda na vijani vikavu ambavyo atakuja kuvichambua kivulini kwa saa nzima. Mtoto anayejifunza hukemewa kwa hilo kabla ya jambo lingine lolote: "Mjukuu wangu, usinyakue, geuza."

Mifuko inakuwa miwili kiunoni. Mmoja wa pamba safi, mwingine wa fifi, ile iliyopigwa madoa ya njano na kahawia. Wengi wanadhani fifi ni pamba iliyonyeshewa, na mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi ni kangambili, mdudu mwekundu mwenye alama nyeusi anayetembea wawili wawili wakiwa wameunganishwa. Yeye hutoboa ganda la kitumba kufuata mbegu, na kwenye tundu la mdomo wake huingia ukungu unaoozesha nyuzi kutoka ndani. Kitumba kikipasuka, uharibifu una wiki kadhaa tayari. Kuanikwa kwenye vichanja, kuchambuliwa kwa mkono, kutunzwa kwenye mifuko ya kitambaa na si viroba vya plastiki, ambavyo nyuzi zake hujificha kwenye pamba zikaja kujitokeza kwenye kitambaa kilichokwisha tiwa rangi: yote hayo yanafanywa na watu walewale, kwenye nyua zilezile, kabla ya mzigo kwenda AMCOS.

Huko mizani inasoma kilo. Madaraja ni mawili, yanaamuliwa kwa macho, na bei ya daraja la kwanza ni moja kwa wote. Aliyechuma kwa kugeuza mkono na aliyenyakua kisha akachambua harakaharaka wanaweza kupokea shilingi zilezile, na yule aliyemwagia maji au kutia mchanga ili kuongeza uzito asipokamatwa hupokea zaidi yao wote. Urefu wa unyuzi, ukomavu wake, zile pete ishirini na kitu, hupimwa baadaye kwa mashine, baada ya kiwanda kuchambua na kufunga robota, wakati jina la mkulima limeshaachwa nyuma sana. Theluthi hivi ya uzito aliouza ni nyuzi. Iliyobaki karibu yote ni mbegu, inayokwenda kukamuliwa mafuta au kurudi shambani. Naona ajabu kwamba ufundi mkubwa kiasi hicho umedumu kwenye kaya hizi bila kulipwa bei yake. Sehemu ya jibu, nadhani, ni fahari tu. Shamba lililochumwa ovyo, lenye vipande vya pamba vimening'inia kwenye maganda, linaonekana kutoka barabarani na kila apitaye anajua ni la nani.

Inabaki kazi moja, isiyopendeza. Mpamba kwa asili yake si mmea wa msimu mmoja. Ni mti mdogo wa miaka mingi; baada ya mavuno mzizi wake bado uko hai kule chini, na ukiachwa utachipua mvua za kwanza na kuchanua mapema kuliko mashamba yote, ukiwapokea funza na chawajani wa kizazi kipya. Ndiyo sababu kanuni zinataka masalia yote yang'olewe na kuchomwa ifikapo tarehe 15 Septemba. Ardhi ya Septemba ni ngumu, mzizi mkuu umeshuka mbali, na kung'oa kunauma kiuno. Maofisa wanahimiza moto uwashwe shambani. Lakini kuni Simiyu ni adimu na mashina makavu ya pamba huwaka vizuri, kwa hiyo sehemu kubwa hubebwa vichwani hadi nyumbani na kuchomwa chini ya sufuria, ugali ukaiva na sheria ikatimizwa kwa moto mmoja.